Kutibu kansa ya ngozi bila kupasuliwa: mwongozo wa mtu wa Nairobi

Mjomba wangu ana ualbino na ameuza viatu vya mitumba Gikomba tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka juzi alikuwa na vidonda viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kifuani, pale shati huachwa wazi, chekundu, kina magamba, kimetandaa kama ramani, kila mtu akikiona anasema pole. Kingine juu ya sikio la kushoto, kadude tu kagumu, ungedhani ni chunusi imekauka. Sisi wote tulikuwa tunaogopa cha kifuani. Kumbe cha kifuani ndio kilipona na krimu akiwa kwake Kariobangi, na kale ka sikio ndio kalimpeleka thieta, kakakatwa pamoja na kipande cha sikio.

Tangu hapo watu wananitumia picha za vidonda usiku wa manane wakiuliza "ile krimu ya anko wako inaitwaje". Wacha niandike yote hapa mara moja. Mi si daktari, mi ni wa kusindikiza mgonjwa, lakini nimekalia mabenchi ya kliniki nikiuliza maswali hadi manesi wakanizoea. Na kitu ya kwanza nilijifunza ni kwamba swali la krimu gani linakuja mwisho. Kwanza ujue hicho kidonda ni cha aina gani na kimeenda chini kiasi gani.

Hatua ya 1: Acha kupaka vitu

Anko alikuwa amepaka kifua miezi minane. Kemisti mmoja hapo karibu na soko alimuuzia tyubu ya steroidi, zile majina yake huanza na beta, akamwambia ni ukurutu. Steroidi inapunguza wekundu na muwasho, kwa hivyo unaona kama inapona, unafurahi, unaongeza tyubu ya pili, kumbe chini huko seli zinaendelea na kazi yao. Aloevera nayo haikuumizi sana lakini inakula muda. Ile inanikasirisha zaidi ni dawa nyeusi za kuchoma, zile wanasema "inang'oa kansa na mizizi". Inachoma ngozi ya juu, kigaga kinadondoka, ngozi mpya inafunika, na kansa imebaki imefungiwa ndani ambapo hakuna mtu anaiona. Ikija kutokea tena imeshachimba.

Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, ama kinachotoa damu ukikigusa na taulo tu, ama kinapona halafu kinarudi palepale, hicho si cha kemisti. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, inaeza kuwa kinundu cheusi kinachong'aa ama sehemu ngumu yenye magamba, na mara nyingi iko mahali jua halifiki. Kovu la zamani la moto likianza kufungua tena usingoje hata wiki mbili. Wazee wetu waliita donda ndugu kila kidonda kisichosikia dawa, na mara nyingine hapo ndani kulikuwa na kansa.

Hatua ya 2: Kubali kipande kitolewe

Hapa ndio watu hutoroka. "Ukigusa kansa na wembe inasambaa." Hio maneno nimeisikia kanisani, kwa matatu, hadi kwa mtu amesoma chuo. Si kweli. Bayopsi ya ngozi ni sindano ya ganzi, halafu wanatoa kipande kidogo kama mbegu ya mahindi ama chini ya hapo, stichi moja ama mbili, unaenda nyumbani. Anko alirudi sokoni siku hio hio, ingawa nilimkataza.

Bila hicho kipande hakuna daktari mzuri atakupatia krimu ya kansa, na akikupatia bila kipimo, tafuta mwingine. Kwanza kwa sababu macho yanadanganya, si umeona venye sisi tulidanganyika. Ya pili ni hii, na ndio ilinifanya nielewe kila kitu: ukikatwa, nyama yote iliyotolewa inaenda maabara, wanaangalia kingo, wanakuambia kama kansa imeisha ama imebaki. Ukitibiwa na krimu, barafu, taa ama mionzi (zote naeleza Hatua ya 4), hakuna nyama ya kupeleka mahali, kwa hivyo hakuna wa kukuhakikishia kingo ziko safi. Hio bayopsi ya mwanzo ndio macho pekee mtakuwa nayo.

Ripoti ikitoka usichukue tu ukaingiza kwa mfuko. Mwambie daktari akuonyeshe mahali pameandikwa aina, na mahali pameandikwa kina. Piga picha ya karatasi na simu, faili hupotea.

Hatua ya 3: Jua kama yako ni ya kukwepa kisu

Ripoti ikisema BCC, hio ni kansa ya seli za chini kabisa za ngozi ya juu. Inakula pole pole, ni nadra sana kusafiri kwenda viungo vingine, lakini ukiiacha inakula pua ama jicho bila haraka. Kama ni ile iliyotandaa juu juu tu, hapo krimu, taa na barafu zinaongeleka. Kama imeshuka chini ama inajificha kama kovu, sahau krimu.

SCC, kansa ya seli bapa za ngozi ya juu, ni tofauti. Ikiwa bado iko ndani ya ngozi ya juu peke yake, daktari anaeza kuiita ugonjwa wa Bowen, krimu na barafu zinafanya kazi. Ikishavunja sakafu ikaingia ndani, hio inaeza kufika tezi za shingo, na ikiwa kwa sikio ama mdomo ni mbaya zaidi. Hio ndio ilikuwa kwa sikio la anko. Aliomba krimu, akaomba tena, daktari akamwambia "mzee, nikikupa krimu hapa nitakuwa nimekuibia." Nilimpenda huyo daktari.

Kuna yale magamba ya jua, makavu kama msasa, kwa paji la uso, masikio na mikono ya watu wenye ualbino. Hayo bado si kansa, ni njia ya kwenda huko, na ndio mahali tiba zisizo za kisu zinang'aa kabisa. Ukiyatibu hapo umejiokolea mambo mengi.

Melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi, haina krimu. Kwetu sisi weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali jua halijawahi kufika. Bob Marley alianza na kidole cha mguu, akafa 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi kwa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, doa jeusi kwa wayo linalokua, enda kesho.

Halafu kuna Kaposi, madoa ya zambarau ama meusi miguuni, mara nyingine kwa paa la mdomo. Hii nimeiweka peke yake juu ni kinyume cha zingine zote: hapa kisu si tiba kuu hata kidogo. Inaletwa na virusi vyake tofauti, na kwa mtu mwenye HIV inapata nguvu wakati kinga imeshuka. Tiba ya msingi ni ARV, ambazo hospitali za serikali hapa zinatolewa bure, na watu wengi madoa yanarudi nyuma kinga ikipanda. Yakiwa mengi, ama mguu umevimba, ama yameingia mapafuni, wanaongeza kemo. Doa moja linalosumbua linaeza kupigwa mionzi. Kwa hivyo ukiona madoa kama hayo na hujapima HIV, pima. Usikae nyumbani ukiogopa jina.

Hatua ya 4: Elewa kila tiba inakuuliza nini

Naanza na krimu juu ndio mnauliza.

Ya kwanza, ndio ile ya anko, ni imikwimodi ya asilimia 5, boksi ikiandikwa Aldara ni hio hio. Haiui kansa yenyewe, inaamsha kinga ya mwili wako ije ipigane hapo mahali. Kwa BCC ya juu juu utaratibu wa kawaida ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, yaani Jumatatu mpaka Ijumaa, unapumzika wikendi. Unapaka usiku kabla ya kulala, unapita ukingo wa kidonda karibu sentimita moja, unaacha kama saa 8, asubuhi unaosha na sabuni na maji. Usifunike na plasta ya kubana. Osha mikono. Inakuja kwa vipakiti vidogo vya kutumia mara moja, kwa hivyo fanya hesabu kabla hujalipa: siku 5 mara wiki 6 ni vipakiti 30. Boksi likiwa na 12, unahitaji matatu. Nimesema hivi kwa sababu tulinunua boksi moja tukidhani ni dozi, katikati zikaisha, nikazunguka mji mzima Jumamosi nikitafuta. Si kila kemisti anaweka, piga simu kwanza, na nunua kwa duka lenye mfamasia na risiti.

Ya pili ni fluorourasili, nayo ya asilimia 5, jina la dukani Efudix. Hii ni kemo ya kupaka, inaua seli zinazogawanyika haraka. Kwa BCC ya juu juu ni mara mbili kwa siku, wiki 3 mpaka 6, wengine zaidi, kwa yale magamba ya jua ni wiki 2 mpaka 4. Mwanamke mwenye mimba asiiguse. Na kama una mbwa ama paka ficha hio tyubu kabisa, akilamba kidogo tu anaeza kufa, na usimuache alambe ngozi umepaka.

Sasa sikia vizuri. Krimu zote mbili zitakuharibu kabla hazijakutengeneza. Wiki ya pili kifua cha anko kilikuwa chekundu, ya tatu kinatoa maji, ya nne kina vigaga na kinauma akivaa shati. Jirani akamwambia dawa imekataa. Akaacha siku mbili bila kuniambia, mpaka nikapiga simu kliniki tukaambiwa hio ndio dawa ikifanya kazi, endelea. Wengine huskia homa na viungo kuuma kama mafua, daktari anaeza kukupumzisha siku chache halafu unarudi. Kupumzika ni yeye anaamua, si jirani. Baada ya wiki 6 ngozi ilichukua kama mwezi ikatulia, sahii kuna doa jeupe tu.

Na matokeo? Huko Uingereza walichukua watu wenye BCC za hatari ndogo, wengine wakapaka imikwimodi, wengine wakakatwa, wakafuatwa miaka 5. Kwa krimu kama 83 kati ya 100 walikuwa sawa, kwa kisu 98. Uholanzi nao walilinganisha tiba zenyewe kwa BCC ya juu juu, miaka 5 pia: imikwimodi karibu 81 kati ya 100, fluorourasili 70, tiba ya taa 63. Soma hizo namba ukiwa umetulia. Krimu ni nzuri, lakini si sawa na kisu. Maoni yangu, na unaeza kubishana nami: kama kidonda ni kidogo, kiko mgongoni ama mkononi, na wewe ni mtu wa kusahau dawa ama unaishi mbali na kliniki, afadhali kukatwa. Ni mchana mmoja na stichi. Krimu ni ya mtu mwenye nidhamu, ama mwenye madoa mengi, ama kidonda kilichotandaa mahali kisu kitaacha alama mbaya.

Barafu, yaani kugandisha na nitrojeni iliyogeuzwa maji, ni ya haraka, iko chini ya sifuri kwa digrii 196. Kwa magamba ya jua ni sekunde chache kila moja, unaskia kama kuchomwa na sigara, linafanya lengelenge, linakauka. Kwa kansa yenyewe wanagandisha kwa muda mrefu, wanaacha iyeyuke, wanarudia, na kidonda kinachukua wiki kadhaa kupona. Jambo moja wenye ngozi nyeusi huwa hatuambiwi: barafu inaua seli za rangi kabla ya kuua kitu kingine, kwa hivyo inaeza kukuachia doa jeupe la kudumu. Kama ni usoni, uliza kabla hajashika ile chupa.

Tiba ya taa, wanaita fotodinamiki, unapakwa krimu nyingine, ya kuamshwa na mwanga, unangoja kama saa 3, halafu unamulikwa taa nyekundu dakika kadhaa, na mara nyingi unarudia baada ya wiki moja. Inaungua vibaya ukiwa chini ya taa lakini alama inayobaki ni nzuri. Siku mbili baada ya hapo usitoke juani. Mashine yenyewe haipatikani kirahisi na ni ya vidonda vya juu juu tu, kwa hivyo usipoteze miezi ukiingoja.

Mionzi ndio tiba kubwa ya mtu ambaye hawezi kupasuliwa: mzee sana, ana moyo mbovu, ama kansa iko kwa kope ama ncha ya pua. Hapa Nairobi kwa upande wa serikali iko Kenyatta pale Upper Hill, na kule Kahawa West kwa hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile watu huita KU. Hauskii chochote mashine ikiwaka, ni dakika chache, lakini mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki. Ndio nasema nauli ni sehemu ya tiba. Mtu wa Kitengela akienda Kahawa West na kurudi kila siku wiki nne, hio pesa ipangwe mwanzo, juu ukiruka ruka siku unaharibu hesabu ya daktari. Ngozi itaanza kuwaka na kuambuka wiki ya pili ama ya tatu hivi. Kwa vijana huwa wanaikwepa, sababu mionzi yenyewe inaeza kuleta kansa nyingine miaka mingi baadaye, na mahali pakishapigwa dozi kamili si rahisi kupiga tena.

Za kumeza na za dripu ni kwa kansa iliyoenda mbali kuliko kisu na mionzi. Vismodegibu ya BCC ilikubaliwa Marekani 2012, inaleta misuli kukaza na nywele kuanguka, na ni hatari kabisa kwa mimba. Semiplimabu ya SCC ilikubaliwa huko 2018, ni dripu ya kila wiki 3 inayofungua kinga ya mwili. Bei zake zitakutoa machozi. Mtu akikwambia uanze na hizo kwa kidonda kidogo, ondoka.

Hatua ya 5: Panga pesa kabla ya kuanza

NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilikufa Oktoba 2024, sahii ni SHA. Kama hujajiandikisha piga *147#. Kama huna mwajiri unalipa ya mwaka mzima, kwa hivyo usingoje siku ya kliniki, utaambiwa kadi haisomi. Mionzi na kemo ziko chini ya kifurushi cha kansa na zinahitaji kibali kabla, kile kibali kinaeza kuchukua siku, fuata wewe mwenyewe kwa dawati. Krimu ya kununua kemisti uliza mapema nani analipa, na uliza bei ya dozi yote, si ya boksi.

Hatua ya 6: Rudi, na ufunike hio ngozi

Kliniki ya kwanza baada ya krimu iwe kama wiki 12 tangu umalize, kabla ya hapo ngozi bado ina hasira na hakuna mtu anaeza kusema ukweli. Halafu kila miezi 6 ama venye utaambiwa. Nilikuwa napiga picha kila Jumapili, mwanga ule ule wa dirisha, rula kando ya kidonda. Daktari alizipenda kuliko maelezo yetu yote.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu na ikweta iko hapo tu. Jua letu ni kali kuliko linavyohisi, na ile Julai ya mawingu na sweta ndio inadanganya watu, juu mionzi inapita mawingu bila kubisha hodi. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote, zile kepi za mbele tu zinaacha masikio nje, na sikio la anko liliharibika chini ya kepi ya namna hio. Mikono mirefu. Losheni ya jua SPF 30 kwenda juu, upake tena kila saa mbili ukiwa nje. Mwenye ualbino asinunue kabla hajauliza Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, wale NCPWD wa Waiyaki Way hapo Westlands, wana mpango wa kutoa losheni bure kwa waliosajiliwa. Na wewe unayejichubua uso na krimu za River Road, hio melanini unayoitoa ndio mwavuli wako, mi nimesema tu.

Anko sahii amehamisha meza yake chini ya mabati. Kile kioo cha wateja kuangalia viatu, kila asubuhi kabla ya kupanga mali anakigeuza juu, anashika cha pili kidogo nyuma ya kichwa, anakagua masikio yote mawili na shingo. Wiki jana aliona kitu kama msasa hivi nyuma ya sikio la kulia. Tuko na kliniki Jumanne, na hii mara tunaenda ikiwa bado ni ya sekunde chache za nitrojeni.